Mbwa wa Ndanda Ale Nini

Tumbo la mbwa ni kali, lina haraka, na halina adabu. Mate yake hayana kimeng'enya cha kuanza kusaga wanga mdomoni. Meno yake 42 yameumbwa kwa kukata na kuvunja, kutafuna si kazi yake, na vionja ladha vyake ni kama 1,700 tu dhidi ya 9,000 hivi vya binadamu. Hesabu hiyo ya mwisho inaeleza mengi yanayotokea nyuma ya nyumba: kwa nini mbwa humeza kwanza na kutafakari baadaye, kwa nini kandambili ya mgeni kwake ni kitoweo, na kwa nini maneno "mbwa wangu anakipenda sana" hayathibitishi ubora wa chakula chochote. Mbwa hupenda pia nepi.

Hata hivyo tumbo hilo limeishi na binadamu kwa muda mrefu wa kutosha kujifunza chakula chake. Mwaka 2013 Erik Axelsson wa Chuo Kikuu cha Uppsala, Sweden, na wenzake walichapisha katika jarida la Nature utafiti uliolinganisha mbwa wa nyumbani na babu yake, mbwa mwitu wa kijivu wa nchi za kaskazini. Babu ana nakala 2 za jeni iitwayo AMY2B, inayoliamuru kongosho kutengeneza kimeng'enya cha kusaga wanga. Mjukuu ana kuanzia 4 hadi 30. Binadamu alipoanza kulima nafaka, mbwa aliyekuwa akizungukazunguka jalalani naye alianza kubadilika kwa ndani. Basi mwenye mbwa wa Ndanda anayesimangwa na shemeji kutoka Dar es Salaam kwamba "mbwa hali ugali" ana jeni nzima ya kumjibu. Shida ya ugali iko kwingine, na itafika zamu yake.

Ndanda imekaa chini ya ukingo wa uwanda wa Makonde, kando ya barabara itokayo Masasi kwenda Lindi na Mtwara. Wabenediktini walianzisha misheni hapo mwaka 1906, na chemchemi zitokazo mlimani zimeifanya iwe ya kijani hata wakati wa kiangazi. Juu ya uwanda, Newala, mambo ni tofauti: mchanga hunywa mvua yote na watu hununua maji kwa ndoo. Mbwa wa pande zote mbili ni waajiriwa. Wanalinda nyumba, wanafukuza nguruwe pori na nyani kwenye mihogo, na wanawasindikiza vijana kuwinda wale panya wa shambani ambao wakishafika kwenye sahani huitwa samaki nchanga. Mshahara wao ni chakula, na kama mishahara mingi, hauji kwa wakati wala haulingani mwezi hadi mwezi.

Chakula cha mbwa wa Masasi na Newala hufuata kalenda ya korosho. Minada ikianza mwezi wa kumi na fedha za chama cha msingi zikaingia, mbwa huonja mapafu na utumbo kutoka buchani, na baadhi yao hupata hata jina jipya. Mwezi wa pili na wa tatu, shamba likiwa bado halijatoa na mfuko umenyauka, familia hula makopa na mbwa hula kilichobaki kwenye mwiko. Tumbo, kiungo kinachotaka utaratibu kuliko vyote mwilini mwa mnyama huyu, ndilo linaloyumbishwa na bei ya korosho kwenye soko la dunia.

Njia ya kwanza na ya kale zaidi ya kumlisha mbwa ni kumwachia ajitafutie. Njia hii haina gharama mpaka siku ya kwanza ya kuharisha. Mbwa mjitafutaji wa Ndanda huanza alfajiri kwenye jalala la soko, hupita kwa mama lishe anayemfahamu kwa jina na anayemrushia ukoko, hukaa kwa heshima mbele ya bucha kama mteja aliyesahau pochi, halafu humalizia chini ya mikorosho. Hapo penye mikorosho ndipo penye mikasa. Korosho ikishatenganishwa, mabibo mengi huachwa chini yachachuke yenyewe. Binadamu aliyaona zamani akatengeneza uraka. Mbwa huyala bila kusubiri kukamuliwa, na mwili wake hauwezi pombe hata kidogo: kiasi ambacho mzee wa kijiji angekiita cha kulainisha koo humfanya mbwa apepesuke, atapike, na akizidisha, ashindwe kupumua. Mlinzi wa usiku anayeubwekea kwa ghadhabu mkorosho uliokuwepo pale kabla hajazaliwa huenda macho yake ni mazima kabisa. Ganda la korosho mbichi nalo lina mafuta yanayobabua ngozi, kama ajuavyo kila mwanamke aliyebangua korosho kwa mkono, na mbwa anayelitafuna kwa udadisi hafanyi hivyo mara ya pili.

Njia ya pili ni sufuria ya mbwa. Kila nyumba yenye mbwa inayo, na haikosewi: imepinda, haina mfuniko, na imekwishatumika kwa mambo matatu mengine kabla ya kushushwa cheo. Katika nyumba za Waislamu wa Newala na Masasi suala la chombo ni zito zaidi, kwa kuwa madhehebu ya Shafi yanataka chombo kilicholambwa na mbwa kioshwe mara 7, moja kati yake kwa udongo. Penye maji ya kununua, hakuna anayetaka kufika huko. Mbwa hukaa nje, sufuria yake hukaa nje, na mtoto atakayeiingiza jikoni kwa bahati mbaya hukumbushwa fiqhi kwa sauti inayosikika mpaka Kitangari. Utaratibu huo, hata kwa asiye Mwislamu, ni afya tupu.

Ndani ya sufuria hiyo mara nyingi huingia unga, maji na matumaini. Hapa ndipo shida ya ugali ilipo. Wanga mbwa anauweza, lakini wanga peke yake haujengi misuli, manyoya wala kinga. Unga wa dona una protini karibu asilimia 9; sembe nyeupe ina pungufu kidogo; unga wa muhogo hauna hata asilimia 3. Chama cha Marekani cha wasimamizi wa vyakula vya mifugo, AAFCO, ambacho vipimo vyake hufuatwa na viwanda vingi duniani, kinataka chakula kikavu cha mbwa mzima kiwe na protini isiyopungua asilimia 18, na cha mtoto wa mbwa au jike mwenye mimba asilimia 22.5. Mbwa anayelishwa ugali wa muhogo mtupu hushiba, hunenepa tumbo, na hubaki na mgongo kama wa baiskeli. Jirani atasema ana minyoo. Jirani huenda hajakosea, lakini hajamaliza.

Dawa ya upungufu huo inauzwa sokoni kwa kopo. Dagaa wakavu wana protini inayokaribia asilimia 60, na kwa kuwa huliwa na mifupa yao, wanaleta pia kalisi ambayo nyama tupu haina. Sehemu 3 za dona kwa sehemu 1 ya dagaa waliosagwa, kwa uzito, hutoa mchanganyiko wenye protini ya asilimia 21 hivi, yaani juu ya kipimo cha Wamarekani cha mbwa mzima bila kuvuka mto Ruvuma. Ukitumia unga wa muhogo badala ya dona, hesabu hushuka hadi kama asilimia 16, na hapo kunde au mbaazi huitwa kusaidia. Kijiko cha mafuta ya alizeti au ya ufuta hung'arisha manyoya. Kipande cha maini mara moja kwa wiki huleta vitamini A; maini kila siku huizidisha mpaka iwe sumu, jambo ambalo kwa bei ya buchani halijawahi kuwatishia wengi.

Dagaa wenyewe wana masharti. Waliokaushwa juu ya mchanga huja na ufuo wao, na mbwa anayetafuna mchanga kila jioni huzeeka meno kabla ya umri. Waoshwe. Wenye chumvi nyingi walowekwe na maji yamwagwe, na ng'onda waachiwe wenye nyumba. Kuna pia suala la ulinzi wakati wa kupika: harufu ya dagaa wa mbwa wanaochemka huita paka wa mtaa mzima, na mbwa anayesubiri chakula chake hulazimika kufanya kazi ya ziada bila posho.

Mbaazi zinastahili neno, maana Masasi ni nchi yake. Mwaka 2017 India ilipoweka ukomo wa kuingiza mbaazi, bei ilianguka na magunia yakabaki mikononi mwa wakulima. Mtu mwenye magunia yasiyo na mnunuzi hana sababu ya kumnyima mbwa. Mwaka uliofuata, Julai 2018, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitangaza kuchunguza magonjwa ya moyo kwa mbwa waliokuwa wakila vyakula vya gharama visivyo na nafaka, vilivyojazwa njegere na dengu mahali pa nafaka. Wenye fedha walikuwa wamemwondolea mbwa wao ugali, wakamrudishia maharage, na sasa walikuwa wakimpeleka kwa daktari wa moyo. Kwa mbwa wa Chikundi anayepata mbaazi kidogo ndani ya dona na dagaa hakuna sababu ya hofu. Cha muhimu ni kuziloweka usiku kucha, kumwaga maji yake na kuzipika mpaka zivurugike. Zisipolowekwa huleta gesi, na mbwa wa ulinzi aliyejaa gesi humwonyesha mwizi mahali alipojificha.

Muhogo nao una siri yake, ingawa siri hiyo kila bibi wa uwanda wa Makonde anaijua. Muhogo mchungu una viambata vinavyotoa sumu ya sayanidi. Kumenya, kuloweka, kuanika na kupika ndiko kunakoiondoa. Mbwa aliyefukua muhogo mbichi shambani hana bibi wa kumwelekeza. Maganda yatupwe mbali na kibanda chake, na maji yaliyolowekewa makopa yasigeuzwe kuwa kinywaji cha mnyama kwa kisingizio cha kubana matumizi.

Kosa baya kuliko yote linalofanyika kwenye sufuria ya mbwa halichekeshi. Mahindi yakiota ukungu, au karanga zikigeuka rangi, mtu husema, "Haya tumpe mbwa." Ukungu huo waweza kuwa na sumukuvu, na mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika nayo upesi sana; sumu hiyo huharibu ini kabla dalili hazijaonekana. Kupika hakuiondoi. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu mikoa ya Dodoma na Manyara, na mwishoni mwa mwaka 2005 huko Marekani chakula cha mbwa cha kiwandani kilirudishwa kutoka madukani kwa sababu ya sumu hiyohiyo, baada ya mbwa wengi kufa. Mahindi yasiyofaa kwa watu hayafai kwa mbwa, na kuku hawafai kupewa pia, maana sumu ile hurudi mezani kwa njia ya yai.

Sikukuu ni msimu mwingine wa hatari, ila huu una pilau. Kitunguu maji na kitunguu saumu, vibichi au vilivyopikwa, huvunja chembe nyekundu za damu ya mbwa, na pilau haijui kupikwa bila vyote viwili. Mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka vipande vyenye ncha; mfupa mbichi mkubwa wa ng'ombe ni salama zaidi, ila humfanya mbwa awe na siri na mwenye hasira kwa siku mbili. Mafuta mengi ya ghafla, kama ngozi ya nyama iliyobaki, huliwasha kongosho. Siku ya pili ya Idi na tarehe 26 Desemba nyumba nyingi hugundua kwa pamoja kwamba ukarimu wa jana umetapakaa barazani. Chokoleti na zabibu kavu, ambazo Ndanda huja kwa msimu kupitia mizigo ya ndugu walioko mjini, ni sumu kwa mbwa hata kama mtoto aliyempa alifanya hivyo kwa upendo. Maziwa hayana sumu, lakini mbwa wengi wazima wamepoteza uwezo wa kusaga sukari yake, na matokeo huonekana kabla ya adhuhuri.

Njia ya tatu ni paketi. Chanzo chake ni Mmarekani aitwaye James Spratt, fundi umeme, aliyekuwa London kwenye miaka ya 1860 akaona mbwa wa bandarini wakigombea biskuti ngumu za mabaharia. Akatengeneza keki za mbwa za ngano, mboga na nyama, akatajirika. Chembe kavu zilizofura kwa mvuke na mgandamizo, ambazo leo ndizo nyingi sokoni, zilianza kuuzwa na kampuni ya Purina mwaka 1957. Masasi hazipatikani kila duka. Huagizwa Mtwara au Dar es Salaam, hupandishwa basi, na mfuko ukitoboka njiani abiria wa viti vya nyuma hushuka wakiwa wamesindikizwa na mbwa wa kila kituo.

Paketi husomwa nyuma. Mbele kuna picha ya mbwa aliyechanwa nywele, mnofu mwekundu na karoti, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilicho ahadi. Nyuma kuna orodha ya viambato, iliyopangwa kwa uzito kuanzia kilicho kingi. Nyama mbichi ya kuku hutajwa kwanza kwa sababu karibu robo tatu yake ni maji; ikikaushwa huenda ikashuka nafasi chini ya mahindi. Neno la kutafuta ni kwamba chakula hicho ni kamili, yaani mbwa aweza kuishi nacho peke yake, na ni cha umri gani. Kilichoandikwa ni cha nyongeza ni kitoweo. Chakula cha kopo huonekana duni kikisomeka protini asilimia 8, lakini kopo lina maji karibu asilimia 78. Ukiyatoa, protini ya kilichobaki inafika asilimia 36. Wauzaji hawana haja ya kulieleza hilo, kwa hiyo hawalielezi.

Kila mbwa mwenye masikio yaliyosimama kati ya Masasi na Newala husemwa ana damu ya mbwa wa polisi, na hao ndio huanza kununuliwa paketi. Mwenye nyumba hufungua mfuko, hutoa kikombe cha kupimia kilichomo ndani, na kusoma maelekezo kwa sauti. Bibi aliyekaa kwenye mkeka akichambua choroko husikiliza mpaka mwisho.

"Mjukuu wangu, mfuko huo shilingi ngapi?"

Akitajiwa, hunyamaza kidogo.

"Na mbwa anajua?"

Mbwa kwa kawaida hajui. Hunusa chembe, huchukua moja, huipeleka nyuma ya choo na kuizika. Kuku wa nyumba, ambao hawakuagiziwa chochote kutoka Mtwara, humaliza bakuli kwa dakika chache na kutaga vizuri wiki nzima. Mbwa aliyezoea chakula cha moto chenye mchuzi huona chembe kavu kama kokoto. Maji ya uvuguvugu yakimwagiwa juu, au supu ya dagaa isiyo na chumvi, hubadili msimamo. Mfuko ukishafunguliwa ufungwe na kuwekwa kwenye ndoo yenye mfuniko, mahali penye ubaridi, kwa kuwa joto la Ndanda huchachusha mafuta yake, na kwa kuwa panya wa stoo hawajapata taarifa kwamba ni chakula cha mbwa.

Kubadili chakula kwa ghafla, kiwe kizuri namna gani, ndicho chanzo cha kuharisha kwingi kunakosingiziwa uchawi wa jirani. Vijidudu vya utumboni huzoea kazi fulani. Vikiletewa kazi nyingine usiku mmoja, vinagoma. Mabadiliko huchukua siku 7: robo ya kipya kwa siku mbili, nusu kwa siku mbili, robo tatu kwa siku mbili, kisha chote. Utaratibu huu unafahamika vizuri na haufuatwi na mtu, maana unga wa dona huisha usiku bila kutoa notisi ya siku 7. Anayetabiri uhaba aanze mapema kuchanganya unga wa muhogo kabla dona halijaisha. Anayetabiri fedha ya korosho asimwage mapafu yote ya ng'ombe siku ya malipo.

Kipimo cha kiasi ni rahisi kuliko kinavyosemwa. Mbwa wa kienyeji wa kilo 15 mwenye shughuli za wastani hutaka kilokalori kama 850 kwa siku, na gramu 100 za unga mkavu hutoa kama 350. Anayekimbiza nguruwe pori usiku huongezewa. Anayelala chini ya pikipiki hupunguziwa. Mbavu ziguswe bila kuonekana: zikihesabika kutoka barabarani ana njaa, zikitafutwa kwa vidole bila kupatikana ameolewa vizuri mno. Watoto wa mbwa hula mara 3 au 4 kwa siku mpaka miezi 6, baada ya hapo mara 2 zatosha. Maji yawepo muda wote, kama lita 1 kwa siku kwa mbwa huyo wa kilo 15. Newala lita hiyo hutoka kwenye ndoo iliyonunuliwa, na mbwa asiyewekewa huipata mwenyewe kwenye maji ya kuloweka nguo, yenye sabuni.

Majibu ya chakula husomwa asubuhi, uani, na mwenye nyumba asiyependa kazi hiyo huwapa watoto. Kampuni ya Purina ina kipimo chenye daraja 1 hadi 7 kwa ajili ya kinyesi cha mbwa. Daraja la 1 ni kigumu kama vigololi, dalili ya mifupa mingi au maji machache. La 7 ni maji matupu. La 2, kigumu kiasi na kinachookoteka bila kuacha alama, ndilo jema. Kinyesi kikubwa mno kikilinganishwa na kilicholiwa kinaonyesha kwamba pumba zimezidi na chakula kinapita tu kusalimia. Mbwa mzima aliyeharisha kidogo hufungishwa mlo mmoja, kisha hupewa wali laini na kuku asiye na ngozi wala mifupa, kidogokidogo. Boga lililochemshwa husaidia pande zote mbili, kwa aliyefunga choo na kwa aliyefunguka.

Hakuna chakula kinachofanya kazi tumboni mwenye wapangaji. Watoto wa mbwa huzaliwa na minyoo waliyorithi kwa mama, kwa hiyo dawa huanza wakiwa na wiki 2, hurudiwa kila wiki 2 mpaka wiki 12, na baadaye kila miezi 3. Viroboto nao hubeba tegu, ambaye mbwa hummeza akijikuna kwa meno. Utumbo na mapafu ya machinjioni yapikwe kabisa, maana mabichi huleta tegu wa aina nyingine anayeweza kuwafikia watu. Siku ya kupeleka mbwa kuchanjwa kichaa ni nafasi nzuri ya kuuliza dawa hizo: mikoa ya kusini mashariki mwa Tanzania, Mtwara ukiwemo, ilikuwa kwenye mradi mkubwa wa majaribio ya kutokomeza kichaa cha mbwa ulioanza mwaka 2010, na wazee wa vijiji vingi bado wanakumbuka foleni za mbwa waliofungwa kamba za katani, wengine wakiwa wamewaburuta watoto kuliko watoto walivyowaburuta wao.

Yako mambo ambayo wali na boga haviyawezi. Damu kwenye kinyesi, kutapika kusikokoma kwa siku nzima, ufizi uliopauka, tumbo lililovimba na kuwa gumu, au mtoto wa mbwa aliyekataa kula na kuharisha kwa harufu kali, ambayo huenda ni dalili ya ugonjwa wa parvo, yote ni ya afisa mifugo, tena siku hiyohiyo. Atataka kujua mbwa amekula nini. Baba mwenye nyumba hujibu kwamba hajala kitu, kwa sababu hajamwona akila. Mama hutaja alichompa jioni. Afisa aliyekaa kazini miaka mingi huwasikiliza wote wawili kwa heshima, kisha humwita mtoto pembeni na kumuuliza yeye.